Vijiti Viwili Langoni

Alipiga hodi mara tatu. Naanza na jambo hilo kwa sababu kwa siku tisa nilisema hakupiga. Nilisema hivyo mbele ya mama yangu, mbele ya majirani, na mbele ya askari aliyekuwa akiandika kila neno nililotamka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuliishi wawili tu, mama na mimi, kwenye mgongo mmoja wa vilima vya Tetu, upande wa Nyeri, juu ya Wamagana, pale mashamba ya chai yanapokaribia kugusa msitu. Uhuru ulikuwa umepata umri wa kutosha hata watoto waliozaliwa siku zile wakawa wanavaa yunifomu. Baba alikuwa amefariki, na shule yangu ikaishia darasa la saba. Tangu hapo nilijisomea nyumbani kwa vitabu vya kuazima, masomo ya redio, na kurasa za magazeti zilizofungiwa sukari dukani. Mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia amekosea, kwa hiyo hujikagua bila kupumzika. Kila hesabu niliirudia. Kila ukurasa wenye doa niliuchana.

Nilikuwa mwoga pia. Sijui kama uoga ndio ulioleta ukaguzi, au ukaguzi ndio ulioleta uoga. Komeo la mlango nililigusa mara nne: mara ya kwanza kulifunga, ya pili kuona kama limefungwa, ya tatu kwa sababu sikuamini ya pili, na ya nne kwa sababu mama alikuwa amenicheka na nilitaka kumwonyesha kwamba sijali.

Mwaka ule wezi walianza kuja mchana. Siku za kuuza majani ya chai zilijulikana na kila mtu. Baada ya chakula cha mchana wanawake walibeba vikapu mgongoni kwenda kituo cha kupimia, wanaume wakaenda na maziwa au wakawafuata, na nyumba zikabaki na kuku na mbwa. Ilikuwa miezi ya baridi. Ukungu ulishuka kutoka msituni saa nane na kukaa, ukawa huoni mwisho wa boma lako mwenyewe.

Nyumba tatu za kwanza walizovunja zilikuwa tupu. Katika ya nne alikuwemo nyanya mmoja, jirani yetu wa upande wa juu, ambaye magoti hayakumruhusu kwenda popote. Tulimkuta ameketi jikoni kwake, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Walipiga hodi vizuri kabisa," alituambia. "Kama watu wa kanisa. Na mimi nikasema karibuni. Ati karibuni! Mimi mwenyewe nikawafungulia."

Akacheka, na wanawake wengine wakacheka naye, kwa sababu yuko hai. Panga lilikuwa limefika mfupani. Mimi sikuweza kucheka. Nilirudi nyumbani na jambo moja tu kichwani: walipiga hodi.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi kwa miguu, mwendo wa saa mbili na nusu. Nilikuwa nimeandika barua ya kurasa mbili yenye kila nyumba, kila kitu kilichoibwa, na saa iliyokadiriwa. Niliinakili mara tano mpaka nikapata nakala isiyo na doa. Askari wa zamu aliisoma akiwa amesimama.

"Nani amekuandikia hii barua?"

"Ni mimi mwenyewe, afande."

"Uko na mwandiko mzuri. Sasa, hao wezi umewaona?"

"Sijawaona."

"Majina?"

"Afande, kama ningejua majina..."

"Basi niandike nini hapa? Nishike nani? Ukungu?" Alikaa chini. "Sikiliza, msichana. Sisi tuko askari sita. Gari ni moja, na leo haina mafuta. Tetu iko na migongo mingapi? Hata mimi sijui. Wakija tena, wewe kimbia uje utuambie."

"Saa mbili na nusu, afande."

"Nini?"

"Kutoka kwetu mpaka hapa."

Alinitazama, na nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. "Basi kimbia sana," akasema, na akaiweka barua yangu juu ya meza na kikombe chake cha chai juu ya barua.

Juma lile chifu aliitisha baraza. Alisema serikali haiwezi kulala kwenye mlango wa kila mtu, kwa hiyo tujilinde. Kisha akasema tusichukue sheria mikononi. Tukimshika mtu, tumpeleke akiwa mzima. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akauliza bila kuinuka, "Na yeye akitushika sisi, tumwambie atupeleke tukiwa wazima?" Watu walicheka mpaka chifu naye akatabasamu. Akavaa kofia yake akaondoka.

Mama hakucheka. Tulipokuwa tukipanda kurudi nyumbani alisema, "Wakati wa vijiji, Mzungu alipotufungia, serikali ilikuwa hapa hapa. Ilikuwa na mnara, na bunduki, na handaki lenye miti iliyochongwa. Tulihesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi. Na bado watu waliuawa ndani ya hilo handaki."

"Hii sasa ni serikali yetu, mama."

"Najua ni yetu. Ndiyo maana haina mafuta."

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu sauti ya mama. Kwetu, mtu akivamiwa hupiga nduru, ule ukelele mrefu wa juu usio na maneno. Anayeusikia huacha alichoshika, hata kama ni mtoto anyonyaye, akaenda ulikotoka, na akiwa njiani huupitisha kwa wa mbele. Lakini miaka ya vijiji, baada ya saa ya kufungiwa ndani, kupiga nduru kulikatazwa. Mwanamke akilia, homugadi, wenzetu waliokuwa askari wa mkoloni, walivunja milango ya nyumba zote za jirani. Wanawake walijifunza kuuma nguo. Mama alimzaa mtoto wake wa kwanza, ambaye hakuishi, akiwa ameuma shuka. Uhuru ulipokuja watu wakarudia nduru zao, ila yeye hakuipata tena. Nilimwona siku moja nyoka alipoingia jikoni: mdomo ulifunguka, mishipa ya shingo ikasimama, na hakukutoka kitu. Kwa hiyo nduru ya nyumba yetu ilikuwa kazi yangu.

Kazi hiyo ilinitesa. Nikipiga mapema mno, watu wanakuja bure, na siku nyingine hawaji. Nikichelewa, nimekwisha. Nilitaka kanuni. Nilichukua daftari jipya nikapiga mistari kwa rula, nikaandika utaratibu wa ulinzi wa mgongo wetu: nani anaangalia lango la nani, nani anapita njia ipi. Kanuni niliyojivunia zaidi ilikuwa hii: yeyote anayetoka nyumbani aweke langoni vipande viwili vya mwanzi vilivyopishana. Jirani akiviona, ajue hakuna mtu, aangalie. Mtu atakayevivuka si mwenyeji. "Wezi hawaijui alama yetu," niliandika, "kwa hiyo alama itawafichua."

Niliwasomea majirani asubuhi moja mahali pa kukusanyia maziwa. Walisikiliza kwa heshima kuliko nilivyotarajia.

"Mwalimu bila shule," alisema jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, "hiyo umeipiga sawasawa." Alikuwa mwanamume wa mabega mapana aliyesuka vikapu vya chai siku za baridi, na nduru yoyote ilipopigwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Jioni hiyo alikata mianzi akagawa nyumba zote. Watu walifurahi kuwa na siri. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Nami, ninayegusa komeo mara nne, sikuliona swali lililokuwa wazi kama mchana.

Siku yenyewe mama alikwenda kuuza majani peke yake. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Ukweli ni kwamba nilitaka kumaliza mazoezi ya hesabu niliyokuwa nimeyarudia tangu asubuhi. Aliposhuka bondeni nikatoka, nikaweka vijiti vyangu viwili langoni, nikarudi ndani nikajifungia. Nilikuwa nimevunja kanuni yangu mwenyewe: vijiti vilisema hakuna mtu, nami nilikuwemo. Nilifanya hivyo ili jirani akiviona aliangalie lango letu. Nilitaka kulindwa kama nyumba tupu.

Ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa na kalamu mkononi niliposikia, langoni, "Hodi."

Sikujibu. 

"Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole. Upole huo ndio uliomaliza nguvu zangu, kwa sababu nilimsikia nyanya akisema: kama watu wa kanisa. Nilikwenda kwenye ufa wa dirisha la mbao. Nilimwona mtu mrefu, koti refu, kofia ndogo kichwani, fimbo, na kamba iliyokunjwa begani. Aliinama. Akaondoa kijiti kimoja, kisha cha pili, akaingia. Kisha akageuka, akavichukua tena, akavirudisha langoni jinsi vilivyokuwa, kimoja juu ya kingine, taratibu, akivipanga.

Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama kile. Mwizi aliyeharakisha ningemwelewa. Huyu alikuwa amefunga lango nyuma yake.

Nilirudi nyuma na mguu wangu ukagonga kiti, kikakwaruza sakafu. Aliinua uso kuelekea nyumba. Akaja. Alipofika karibu na mlango akasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini zaidi, "Hodi, jamani."

Ndipo nikapiga nduru.

Ilitoka ndefu na safi, nduru kamili, na aibu yangu kubwa ni kwamba kwa muda mfupi niliisikiliza nikaridhika nayo. Ilijibiwa ng'ambo ya kijito kabla sijavuta pumzi. Ikajibiwa juu kwa nyanya, na chini barabarani ambako wanawake walikuwa wakipanda. Katika dakika mbili hivi nilisikia miguu, kisha lango likivunjika, kisha kishindo cha kwanza.

Sikufungua mlango. Nilikuwa nyuma yake, kiganja juu ya komeo, na kila kitu nilikisikia.

"Niliitwa! Jamani, niliitwa!"

"Nani alikuita, wewe mwizi?"

"Mwenye boma! Muulizeni!"

"Mwenye boma hayuko, na ulijua hayuko! Na hii kamba ni ya nini?"

"Ni ya ng'ombe!"

"Mmesikia? Amesema mwenyewe! Ni ya ng'ombe!"

Halafu hakusema tena maneno. Mama ndiye aliyenisimulia sehemu ya mwisho, mara moja tu. Alikuwa ameitambua nduru yangu kutoka bondeni, akakimbia na kikapu mgongoni akidhani atanikuta nimekatwa. Alipofika aliona watu wamezunguka mtu chini, akaona ile kofia, na akamjua. Alifungua mdomo kuwazuia na sauti ikakataa, kama inavyokataa siku zote. Basi akapita katikati ya miguu yao, akavua kikapu, akamfunika yule mtu kichwa kwa kikapu, na majani yote yakamwagika, kisha akakilalia. Rungu la msuka vikapu lilikuwa tayari limeinuliwa. Lilishuka likavunja ubavu wa kikapu, upana wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye kichwa cha mama.

Hapo wakanyamaza. Mama akasema, kwa mnong'ono, na wote wakasikia: "Ni mimi niliyemwita."

Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, mzee Mwislamu ambaye mama alikutana naye kwenye soko la mifugo. Alimwomba apite siku yoyote akiwa upande huu, amwangalie ndama wetu dume. Hawakupanga siku, na mama hakuniambia kwa sababu nilikuwa nimempenda yule ndama na ningelia. Mzee alikuwa amepanda mgongo mzima kwa miguu, akiuliza njia kwa watoto.

Na swali ambalo hakuna aliyeliuliza mahali pa maziwa lilikuwa hili: mgeni je? Alama isiyojulikana na wezi haijulikani na wageni pia. Nilikuwa nimetengeneza kitu kilichomfanya kila asiye wa kwetu kuwa na hatia akishaingia tu.

Walimbeba juu ya ngazi hadi barabarani, na gari la maziwa likampeleka hospitali huko Nyeri. Mkono ulivunjika mahali pawili, mbavu kadhaa, na hakuna aliyejua kama angeamka.

Polisi walikuja asubuhi iliyofuata. Gari lilikuwa na mafuta. Alishuka askari yule yule aliyeweka kikombe juu ya barua yangu, akachukua rungu, akachukua kamba, akachukua kikapu kilichovunjika kuwa ushahidi. Mama alimwambia kwamba alimwalika yule mzee.

"Kuitwa ni kuitwa, mama," alisema. "Mimi nauliza aliingia namna gani." Akanigeukia. "Msichana. Alipiga hodi?"

Majirani walikuwa wamesimama ukutani. Nyanya alikuwepo na bandeji yake. Msuka vikapu alikuwepo, mikono nyuma, ananitazama bila kupepesa. Nilielewa vizuri kabisa nilichokuwa nikiulizwa. Kama alipiga hodi, hawa walikuwa wamempiga mgeni. Kama hakupiga, walikuwa wamempiga mwizi, na mimi nilikuwa sahihi.

"Hapana," nikasema. "Aliondoa vijiti akaingia kimya."

Msuka vikapu akashusha pumzi. Mama aliniangalia kidogo, kisha akaangalia chini. Nyanya alipoulizwa kama mzee huyo alikuwa mmoja wa waliomkata, alisema, "Mimi sikuona uso. Niliona panga." Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo, na askari akaandika. Tukasikia baadaye kwamba mzee ameamka, na kwamba amefungwa pingu kwenye kitanda akingoja kushtakiwa.

Siku tisa mama hakuniuliza kitu. Alibeba majani yake kwa gunia, yakafika yamepondeka, na karani wa kituo akamkaripia mbele ya watu, naye hakujitetea. Nilikuwa na hakika anajua. Usiku na mchana nilirudia maneno "aliingia kimya" kama nilivyokuwa nikirudia hesabu, nikitafuta namna ambavyo yangeweza kuwa sahihi. Siku ya tisa nilimwambia nakwenda Nyeri mjini kununua daftari. "Nenda," akasema. "Mpelekee maziwa." Akanipa chupa iliyokuwa tayari imejazwa.

Mzee alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Askari kijana alikaa mlangoni akisoma gazeti. Uso wa mzee ulikuwa bado umevimba, na alinitazama kwa jicho moja.

"Ni wewe uliyekuwa ndani?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Nilisikia kiti." Alizungumza polepole kwa sababu ya taya. "Nikafurahi. Nikasema alhamdulillahi, yupo mtu, sitarudi Nanyuki bure."

Nilishika chupa ya maziwa kwa mikono miwili.

"Binti, niambie. Ulisikia hodi?"

"Nilisikia."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Alifumba lile jicho, na machozi yakatoka hata kwa lile lililovimba. "Basi sina wazimu," akasema. "Kila siku askari ananiambia hukupiga, hukupiga. Nilianza kufikiri labda kweli sikupiga."

Nilitaka kuondoka, lakini kulikuwa na kitu ambacho nisingeweza kuishi bila kukijua. "Vile vijiti, mzee. Kwa nini ulivirudisha?"

Alishangaa. "Lango ukilikuta limefungwa, ukishaingia unalifunga tena. Ndama akitoka, lawama ni ya mgeni."

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja mpaka kituo cha polisi, na nilifika jioni inakaribia. Nilimwambia yule askari nataka kubadilisha maneno yangu. Alifunga mlango wa ofisi.

"Unajua ukibadilisha nani atalala ndani?"

"Najua, afande."

"Wale watu walikuja kukuokoa. Mimi sikuja. Nakwambia wazi, mimi sikuja. Wao walikuja." Alikaa akasugua macho. "Na siku nyingine ukipiga nduru, nani atakuja? Mimi? Na gari gani?"

Nilisema tu kwamba mzee alipiga hodi mara tatu, kwamba nilisikia zote, kwamba nilikuwa ndani na vijiti vilikuwa uongo wangu. Aliandika. Aliponipa kalamu nitie sahihi, doa kubwa la wino likaanguka juu ya jina langu. Sikuomba karatasi nyingine.

Mzee alifunguliwa pingu siku iliyofuata. Msuka vikapu alichukuliwa akiwa anakamua ng'ombe. Alikaa rumande miezi miwili, mpaka mzee, aliporudi Nanyuki na mkono usionyooka, alipowaambia polisi kwamba hataki kesi. Hakurudi tena kumwangalia ndama wetu, na sikutarajia.

Miezi ile miwili ndiyo niliyoogopa kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Vijiti viliondoka langoni kwa watu, kimoja kimoja, bila mtu kutangaza. Kwenye bomba la maji wanawake walimsalimu mama, wakanipita mimi. Mke wa msuka vikapu alisema kwa sauti ili nisikie, "Huyu ukimwokoa, jitayarishe kufungwa." Hakuna aliyemkemea. Nyanya peke yake alinijibu salamu, lakini hata yeye hakuniambia karibu. Wezi hawakuwa wameshikwa. Labda walikuwa wamehamia mgongo mwingine, labda walikuwa wakingoja tu. Kila alasiri ukungu uliposhuka nilijua kwamba kama wangekuja sasa, mama hana sauti, na mimi nina sauti isiyo na wa kuisikia.

Halafu siku moja ya ukungu, nikiwa peke yangu, nilisikia langoni, "Hodi."

Niliiweka kalamu chini. Kichwani nilipitia lile daftari la kanuni, ukurasa kwa ukurasa, na nikaona kwamba neno moja dogo halikuwemo popote. Nikalitamka.

"Nani?"

Kukawa kimya. Nadhani ulikuwa muda wa pumzi mbili. Ndani ya kimya hicho kulikuwa na panga, na nyanya, na koti refu, na sikuwa na kitu cha kufanya ila kungoja.

"Ni mimi. Wa ng'ambo ya kijito."

Nilikuwa nimesikia kwamba ametoka. Niligusa komeo, na hii ilikuwa mara moja tu, nikalifungua. Alisimama kwenye ukungu, amekonda, na panga la kukatia fito mkononi. Nililiona panga kabla ya kuuona uso. Mkono wake wa pili ulishika kikapu kipya cha chai, bado kina harufu ya fito mbichi.

"Hii ni ya mama yako," alisema. "Ile niliivunja mimi."

"Asante."

"Usiniambie asante." Alikiweka kizingitini badala ya kunipa mkononi. "Mle ndani nimekaa nikifikiria, mwalimu. Nilifikiri nikitoka nitakuja kukutukana. Halafu nikafikiri, huyu mzee ningemuua, ningekuwa wapi sasa." Aliangalia pale uwanjani ambapo walikuwa wamempigia. Nyasi zilikuwa zimeota. "Ukipiga nduru tena nitakuja. Sitaki kukudanganya. Lakini nitakuja nikitembea."

Akageuka. Nilisikiliza hatua zake zikishuka mpaka kijitoni, na mawe yakigongana alipovuka.

Nimepima. Kutoka kwake hadi kwetu kwa mbio ni dakika mbili. Kwa kutembea ni dakika saba. Nilipima kwa saa ya baba, mara nne, na ni saba. Kituo cha polisi ni saa mbili na nusu, na hiyo haijabadilika. Kwa hiyo kila alasiri ukungu unaposhuka najua kiasi nilicho nacho: dakika saba, na mlango, na neno lile moja. Nakaa karibu na komeo nikilisema kimyakimya, ili siku hodi itakapopigwa tena lisije likakatikia kooni.